Uliwahi kuvuta bangi na unataka kurusha ndege za jeshi? Tunajibu

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza mjini na visiwani, na karibu yote yanauliza jambo moja: aliyewahi kutumia dawa za kulevya anaweza kupita vipimo vya afya vya urubani jeshini? Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nilivuta bangi mara tatu au nne nikiwa kidato cha tatu. Sasa nina miaka 21, sijaigusa tena. Nimeshajiharibia Jeshi la Wanahewa? (Kijana, Pasiansi)

Si lazima. Kuonja mara chache, miaka kadhaa nyuma, bila kesi wala kulazwa, hakuachi kitu cha kuonekana kwenye mkojo wako leo. Vinavyowaangusha watu ni vitatu: uraibu, ugonjwa wa akili uliochochewa na dawa, na hatia ya mahakamani. Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ya kuandikisha vijana hudai afya njema, akili timamu na tabia njema. Kama uliwahi kufikishwa mahakamani kwa kete moja ukalipa faini ukarudi nyumbani, hiyo ni hatia, hata kama hukulala gerezani.

Viwango vya afya vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinahusu anga ya kiraia, haviwafungi wanajeshi. Hata hivyo jipime navyo: anayeshindwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa biashara, asitarajie jeshi limlegezee. Viwango hivyo vinamkataa mwenye historia ya matatizo ya akili au ya tabia yaliyotokana na vilevi au dawa, utegemezi ukiwemo. Kuonja si utegemezi. Ila daktari atachimba: mara ngapi, lini mara ya mwisho, ulichanganya na nini, ulivuta peke yako au na wenzako, uliachaje. Nenda na mwezi na mwaka kichwani. Jibu la "zamani kidogo" humfanya daktari ahisi unaficha.

Bangi hukaa mwilini siku ngapi? Hapa mwaloni wanasema maziwa na ndimu vinaisafisha. (Kirumba)

Maziwa na ndimu ni chakula, basi. Kinachotafutwa kwenye mkojo ni mabaki ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, nayo hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyevuta mara moja huonekana kwa siku kama 3. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana kwa siku 30 na zaidi baada ya kuacha, na mnene hukawia kuliko mwembamba. Kokeini huonekana siku 2 hadi 4, heroini siku 2 au 3. Nywele zina kumbukumbu ndefu zaidi: sentimita 4 hivi kutoka kwenye ngozi hueleza miezi 3.

Kujijaza maji nako hugundulika. Maabara hupima kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka na mkojo, na katika taratibu za Marekani ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, pamoja na uzito wa mkojo uliopungua, sampuli inaandikwa kuwa imezimuliwa. Joto nalo husomwa ndani ya dakika 4, nalo liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Mkojo wa kuazima uliobebwa mfukoni hukwama hapo.

Wenzangu kwenye mtumbwi wanavuta, mimi sivuti. Moshi wao utanifelisha? (Mvuvi, Ukerewe)

Kwenye upepo wa ziwa, hapana. Kipimo cha kwanza cha jeshi la Marekani, kwa mfano, hushtuka kuanzia nanogramu 50 za mabaki ya THC kwa mililita, na moshi wa jirani mahali pa wazi haukufikishi huko. Chumba kilichofungwa, watu watano wanavuta, ni habari nyingine. Toka nje.

Shikamooni. Mwanangu alilazwa wodi ya akili wiki mbili, madaktari wakasema ni bangi. Ameacha, ni mzima, anataka urubani. (Mama, Igoma)

Marahaba, mama. Hili ndilo zito kuliko yote, na hatutakupaka mafuta: kwa kiti cha rubani wa kijeshi, mlango umebaki wazi kidogo sana. Bangi yenyewe sicho kikwazo kikubwa, kikwazo ni kule kuchanganyikiwa. Sehemu isiyo ndogo ya waliopata kichaa cha bangi huja kugundulika na skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kudumu, miaka ya baadaye. Urubani nao una kila kinachoweza kuamsha ugonjwa ule: kukosa usingizi, hewa pungufu, hofu. Akichanganyikiwa angani hana pa kusimama.

Bado asikate tamaa kabla ya kupata karatasi. Kwa kuwa ni mtu mzima, aende mwenyewe hospitali alikolazwa aombe muhtasari wa kuruhusiwa: jina la ugonjwa, tarehe za kuingia na kutoka, dawa alizopewa, lini aliziacha. Kisha aonane na daktari bingwa wa akili, hospitali ya Bugando wapo, apate ripoti ya hali yake ya sasa. Ugonjwa ukiandikwa kuwa ni wa muda mfupi uliotokana na kilevi, ana hoja ya kujadiliwa. Ukiandikwa skizofrenia, hoja imekwisha. Asikimbilie kazi ya kuongoza ndege kutoka mnarani akidhani huko ni rahisi: cheti cha daraja la tatu cha waongozaji kina masharti yaleyale ya akili. Mafundi wa ndege hawadaiwi cheti hicho.

Kaka yangu anakunywa methadoni Sekou Toure. Anaweza kuomba? (Nyakato)

Methadoni hutibu uraibu wa unga, yaani heroini. Akiwa bado kwenye dozi, hapana. Na asiikatize ghafla kwa ajili ya usaili, atarudi kwenye unga.

Nifiche tu, nani atajua? (Nyegezi)

Fomu ya afya unaiweka saini. Ukidanganya, kosa la zamani lililokuwa na maelezo linageuka uongo wa leo. Marekani, fomu ya marubani wa kiraia huuliza kama umetumia dawa haramu ndani ya miaka 2 iliyopita, na kama umewahi kuwa mraibu au kufeli kipimo. Uongo humo adhabu yake hufika dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Mwenye utegemezi huko anaweza kufikiriwa akithibitisha amejizuia kabisa kwa angalau miaka 2. Muongo hana ngazi kama hiyo.

Mirungi ya Kenya je? Na dawa za mafua? (Buswelu)

Mirungi kwa Wakenya ni biashara halali. Ukivuka Sirari ni dawa ya kulevya kisheria. Usiitafune ukidhani ni majani tu.

Dawa za mafua watu huzidharau. Mei 26, 1981 ndege ya kivita ilianguka kwenye sitaha ya meli ya Marekani ya kubeba ndege, USS Nimitz, wakafa watu 14. Baadhi ya wahudumu wa sitaha waliokufa walikutwa na bangi, na jambo hilo likazaa vipimo vikali katika jeshi la Marekani. Lakini rubani mwenyewe alikuwa na bromfeniramini, dawa ya mafua ya ukoo mmoja na Piriton, kupita kipimo cha kawaida. Dawa ya kikohozi yenye kodeini nayo hugeuka mofini mwilini na kusomeka kama unga, kwa hiyo tunza cheti cha daktari na uitaje kabla hujatoa mkojo. Ukitibiwa malaria, mwambie daktari kwamba unaomba urubani: meflokwini marubani hawaruhusiwi, dawa mseto haina shida ukishapona.