Dada, hivyo vidonge viweke chini kwanza

Mleta mada, nimesoma bandiko lako mara mbili nikashindwa kupita kimya. Utosini una baka linalong'aa, ukingoni mwake panawasha, usiku panachoma kama umepakwa pilipili. Umemaliza duru mbili za vidonge vya fangasi, Jumatatu unaanza ya tatu pamoja na ile krimu ya mchanganyiko, halafu kipimo cha kukata kinyama (kipande kidogo cha ngozi kinachopelekwa maabara) unasema "nitafanya baadaye ikibidi". Mwishoni ukauliza shampuu ipi nzuri, rangi ya nywele ina madhara gani na ile mistari kwenye kucha ni nini.

Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonimaliza mimi. Baka langu lilianza likiwa dogo kama kifuniko cha chupa. Leo linanienea kiganja, na ukiniona kwenye picha na kofia ndani ya nyumba, usiulize.

Ugonjwa wangu unaitwa likeni planopilarisi. Hupendelea zaidi wanawake, mimi mwanaume nikajichomeka tu kwenye foleni. Sisemi na wewe ni huohuo, kwa sababu ipo lupasi ya ngozi (nayo ni kinga ya mwili kujishambulia) na yako mengine ya ukoo huo. Kinachoyaunganisha ni kwamba chembe nyeupe za damu zinakigeukia kitundu cha unywele, hasa pale pembeni ambapo unywele huzaliwa upya kila ukidondoka. Pakishakufa, kitundu kinaziba kwa kovu. Hapo hakuna mafuta wala sindano itakayootesha kitu, na kila wiki unayoipoteza kwenye dawa isiyo yako, vitundu vingine vinafungwa moja kwa moja.

Mapunye, yaani fangasi wa kichwani, zaidi ni ya watoto. Mtu mzima anaweza kuyapata, ndiyo, na ndiyo maana magamba hukwanguliwa, nywele chache zinang'olewa, vinaangaliwa kwa hadubini na kuoteshwa maabara. Kukwangua kwenyewe ni dakika chache. Mimi nilimeza vidonge miezi saba. Nilikwanguliwa mara ngapi? Sifuri. Shemeji yangu naye akatoa rufaa yake: upara wa ukoo. Upara wa ukoo hauchomi usiku, shemeji.

Kuhusu hiyo krimu, nasema kwa hasira na sitaomba radhi. Ndani mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, dawa ya kutuliza kinga na muwasho. Aliyeniuzia alinitazama kichwani kwa sekunde kama tano akasema "hii inatibu yote". Siku ya nne muwasho ukakata, nikatangaza nimepona. Kumbe steroidi ilikuwa imewalaza tu wale walinzi waliochanganyikiwa, na fangasi niliyedhani anakufa hakuwahi kuwepo. Nikiacha, muwasho unarudi, nikirudia, unakata. Miezi. Na hata kama wewe kweli una fangasi, steroidi inamfichia sura: doa linapoteza umbo lake la kawaida huku linatambaa. Kwa hiyo pande zote mbili umeliwa.

Lakini hayo yote ni mzaha ukilinganisha na kosa langu kubwa, vumilia urefu.

Kinyama mimi nilikatwa. Nilikatwa mahali pasipo pake.

Daktari wa kwanza, ambaye hakuwa wa ngozi na alikuwa na haraka zake, aliangalia utosi akachagua katikati kabisa, pale panapong'aa. Nikamuuliza kwa nini pale. Akasema, "Pako wazi, hatuna haja ya kunyoa." Nikamwona ana akili. Akachoma ganzi, akachukua kisu cha mviringo kama kitoboleo cha mkanda, akakizungusha mara tatu, kinyama kikatoka, akatia mshono mmoja. Sikuumia. Nilijiona shujaa, nikapiga picha plasta nikawatumia ndugu.

Majibu yalirudi yakiwa na mistari miwili: kovu, hakuna mashambulizi yanayoendelea, hakuna fangasi. Akanisomea akafunga faili. "Imejizima yenyewe, hakuna cha kutibu. Nunua kofia."

Nikanunua kofia. Tatu.

Nikakaa miezi kumi na minne nimetulia kabisa, nina karatasi ya maabara, nani wa kunibishia? Ukiwasha ukingo, najiambia ni jasho la kofia. Kumbe kukata pale katikati ni kwenda kuchunguza moto kwenye majivu ya jana wakati nyumba ya pili inawaka. Katikati vita vilishaisha, mashina yalishakufa, maabara ingeona nini zaidi ya makaburi? Tena nilikuwa nimetoka kupaka ile krimu kwa miezi, kwa hiyo hata zile dalili kidogo ambazo zingeonekana zilikuwa zimefutwa. Karatasi haikudanganya. Iliulizwa swali la kipumbavu ikajibu hilohilo. Yule bwana sina ugomvi naye kwa kutojua, kila mtu ana asichokijua. Nina ugomvi na ule uhakika wake.

Aliyenishtua ni kinyozi. Akasema, "Bosi, hili linaongezeka." Bila karatasi yoyote.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye hakugusa katikati hata kwa kidole. Alikuwa na dermatoskopu, ile lenzi yenye taa, akaiweka ukingoni na kuiunganisha na simu ili nami nione. Sijasahau nilichokiona. Katikati peupe kama karatasi, hakuna kitundu hata kimoja. Ukingoni, kila unywele uliobaki ulikuwa umevaa kola: ganda jembamba jeupe limeuzunguka pale unapotokea, na nje ya ganda kivuli cha kijivu kinachoelekea zambarau. Akashika nywele chache akavuta taratibu, zikatoka tano, kila moja ina ute mweupe shinani kama imevaa soksi. Unywele uliomaliza zamu yake hutoka na kinundu kikavu tu. Hizi zilikuwa nywele zilizokuwa bado zinakua, na zinatoka kirahisi hivyo.

Akachukua kalamu akachora duara palepale, kwenye nywele zenye kola. Akaniambia niache kila kitu wiki nne, ndipo nirudi. Safari hii vilikatwa vipande vitatu vya milimita 4, vya kina hadi kwenye mafuta chini ya ngozi, kwa sababu mashina ya nywele za kichwani yanafika huko, ukiparaza juu umekosa. Kimoja maabara ilikipasua kwa urefu, kingine kwa mkato wa mlalo ili wahesabu vitundu vingi kwa mara moja. Cha tatu kikaenda kwenye kimiminika chake peke yake kwa ajili ya kuangalia lupasi, maana kikitumbukizwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia vinyama) kama vingine kipimo hicho kimeharibika. Kichwa kinavuja damu sana, usiogope, ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Baada ya wiki mbili nikawa na jina la ugonjwa. Karibu miaka miwili baada ya kifuniko cha chupa.

Kwa hiyo dada yangu, ukienda ukaambiwa "tukate hapa katikati pako wazi", inuka kwenye kiti. Kikatwe ukingoni, panapowasha, penye nywele ambazo bado zimesimama, na kabla ya dawa mpya. Ukwanguliwe siku hiyohiyo kwa ajili ya fangasi ili hilo nalo tulimalize. Kama krimu umeshaigusa, usifiche, taja na siku ya mwisho uliyopaka. Na akikuambia nywele zitanyolewa kidogo, zinyolewe! Ni milimita, na wewe unapoteza sentimita.

Matibabu siyasemi sana kwa sababu bila jina la ugonjwa hayana maana. Mimi nachomwa steroidi ukingoni kila baada ya wiki chache (ndiyo, steroidi ileile niliyoitukana, ila sasa inajua inakwenda wapi), na nameza haidroksiklorokwini, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili, ambayo inapimwa kwa uzito wako na inakupeleka kwa daktari wa macho, usiruke hilo. Lengo ni kusimamisha. Nilipoambiwa "hazitarudi, tunalinda zilizobaki" nilinyamaza kama mtu aliyesomewa hukumu. Kila mwezi napiga picha, taa ileile, kiti kilekile. Mwezi wa sita wa matibabu ukingo uliganda pale ulipo.

Ah, na kama unameza biotini, ile vitamini, kwa ajili ya nywele, mwambie anayekupima damu. Dozi kubwa inavuruga baadhi ya vipimo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Mimi iliniletea majibu ya tezi ya shingo yaliyonifanya nionekane mgonjwa wa kitu kingine kabisa, tukapoteza wiki tatu tukikifukuza kivuli. Kichwa kimoja, maafa mangapi.

Kucha mwoneshe huyohuyo daktari, usizipake rangi siku hiyo, maana ndugu wa ugonjwa huu wakati mwingine hugusa kucha pia. Shampuu sijui nilitaka kusema nini. Na ya rangi ya nywele subiri wadau wengine waje, mimi za kupaka ndizo sina. Ukipata siku ya kukatwa rudi hapa uniambie wamekata wapi.