Kabla mumeo Mmexico hajaenda Juárez

Mimi grini kadi, kibali cha kuishi Marekani daima, niliipata kwa bahati nasibu ya viza ya Marekani. Mume wangu, mtu wa Michoacán, mlango huo hakuwa nao, kwani Wamexico hawaruhusiwi kuicheza. Nchi yao tayari inapeleka wahamiaji wengi mno Marekani. Siku nilipoapa uraia nikajua makaratasi yake yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Dada yangu, ukiwa na mchumba Mmexico, muulize mapema: uliingiaje, na mara ngapi? Aliyeingia kwa viza, hata ikiwa imeisha muda, akioa raia kwa kawaida anamalizia mambo hapa hapa. Wangu alipita jangwani bila viza akiwa na miaka 19. Huyo lazima akahojiwe kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Mexico, mjini Ciudad Juárez, na sheria ya Marekani ya 1996 inasema aliyekaa nchini humo bila kibali mwaka mzima au zaidi, akitoka tu, anafungiwa nje miaka 10.

Tulikoswakoswa hapo. Jamaa mmoja mwenye bango la "notario" alitaka tumlipe, mume wangu apande basi kwenda Juárez wiki ile ile. Mexico notario ni mwanasheria mzito. Marekani ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Wengi wanaumizwa na neno hilo moja.

Mwanasheria wa kweli ndiye aliyetuambia kuhusu msamaha wa ile miaka 10, fomu I-601A, unaoombwa kabla ya kutoka. Lazima uonyeshe kwamba mwenzi au mzazi aliye raia, au mwenye grini kadi, atateseka kupita kiasi. Mateso ya watoto peke yake hayatoshi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za mapenzi na machozi. Mwanasheria akairudisha: leta risiti za dawa za presha, cheti cha daktari, mkataba wa nyumba.

Kama mumeo aliishi Marekani bila kibali zaidi ya mwaka, akarudi kwao, kisha akavuka tena kimyakimya, msamaha huo haumsaidii. Asiende Juárez kabisa kabla ya kuonana na mwanasheria.

Na mpekueni mama mkwe masanduku. Ombi la kumhamishia Marekani, lililowasilishwa na ndugu au mwajiri hadi 30 Aprili 2001, huenda likamruhusu kumalizia hapa hapa kwa faini ya dola 1,000. Sisi tulitafuta hadi chini ya godoro, hatukulipata. Shemeji yangu alilipata la kwake, ndani ya Biblia ya marehemu baba yao.