Donati Ina Tundu, Hamri Je?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mtaani kwetu Ngamiani upo mgahawa mdogo ambao nimekuwa mteja wake tangu nilipoolewa, na siku nisiyopita pale kunywa kahawa huwa naiona ndefu. Zamani waliuza mahamri tu, lakini sasa wameongeza donati. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini donati hutobolewa katikati ilhali hamri halitobolewi, nami nikakosa la kumjibu. Isitoshe, mahamri yangu ya nyumbani hayafuri. Hubaki bapa na kunywa mafuta. Ninakosea wapi?
Bibi wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Shikamoo, bibi. Swali la mjukuu wako ni zuri sana, na jibu lake limo katika unene wa kinyunga. Donati hukatwa nene ili iwe laini kama mkate, na kitu kinene kikitiwa katika mafuta ya moto huiva nje upesi huku kati kungali kubichi. Kwa hiyo tundu huondoa sehemu ambayo ingechelewa kuiva. Hamri husukumwa jembamba, na likishaingia karaini nyuso zake mbili hukaza mara moja, kisha maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke ambao, kwa kukosa pa kutokea, huzisukuma nyuso hizo zikaachana. Ndiyo maana ukilipasua hamri zuri hukuta mfuko mtupu, unaongoja mbaazi za nazi. Ukilitoboa, mvuke utatoka nalo halitafura.

Kuhusu mahamri yako, nashuku mafuta hayajapata moto wa kutosha. Siku moja simama karibu na karai la mgahawa huo umtazame mpishi: aghalabu hutupia kwanza kipande kidogo cha kinyunga, ambacho kikikawia chini huongeza moto, na kikiibuka upesi kikizungukwa na mapovu ndipo huanza kazi. Akishatia hamri, huteka mafuta kwa mwiko na kulimwagia mgongoni mfululizo, likafura mbele ya macho yako. Kitendo hicho ni cha sekunde chache tu, lakini nyumbani wengi wetu hukiruka.

Angalia pia tui lako, kwani likiwa la moto huua hamira. Liwe vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. (Hamira na hamri ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakiwa na asili ya Kiarabu.) Usisukume kinyunga kabla hakijaumuka vyema.

Wala usiinunie donati hiyo ngeni. Kahawa chungu ya dele siku zote imetaka kitu kitamu pembeni, na donati iliyonyunyizwa sukari yaweza kukaa mahali pa kashata bila kuiharibu kahawa. Hamri la iliki, kwa maoni yangu, liwekee chai ya maziwa.