Jenereta ya kawaida kwenye asyncio: kwa nini laptop haioni shida na seva inapasuka

Swali: Habari mkuu. Nina seva ya Python ya asyncio (lupu moja inayohudumia watu wengi kwa zamu), ndani kuna jenereta ya kawaida (function inayotoa kitu kimoja kila ukiita next) inasoma database ya SQLite mstari mmoja mmoja kutoa ripoti. Mtu mmoja akishusha ripoti wengine wote wanakwama. Nikapeleka kila next kwenye asyncio.to_thread, yaani kazi ifanyike kwenye thredi ya pembeni, mistari inatoka fresh ila mwishoni inaganda, halafu watu wakiwa wengi napigwa ProgrammingError ya mambo ya thredi. Kwenye laptop hiyo ya pili sijawahi kuiona. Nifanyeje?

Jibu: Salama mkuu. Hapo una matatizo mawili tofauti yamekuja siku moja.

Kuganda kwanza. next ikiishiwa inarusha StopIteration, na fyucha ya asyncio (kishika nafasi cha jibu linalosubiriwa) haiipokei hiyo, maana korutini (function za async) zenyewe ndani zinatumia StopIteration kusema zimemaliza, ingekuwa vurugu. Kwa hiyo kwenye Python za nyuma kidogo unapata TypeError kwenye logi tu na await yako inabaki inasubiri mpaka kiama, mpya zinakugeuzia iwe RuntimeError. Dawa ni kutoiruhusu hiyo StopIteration ivuke kabisa.

Ya pili ndiyo inayotesa watu. to_thread inatumia bwawa la thredi la wote, idadi yake ni kori za mashine jumlisha 4, mwisho 32. Ukiwa peke yako kwenye laptop, thredi iliyomaliza kazi ndiyo inapewa inayofuata, so next zako zote zinaangukia thredi ileile kwa bahati tu na wewe unaona umemaliza. Waje watu kumi, next ya kwanza inashikwa na thredi hii, ya pili na ile, na koneksheni ya sqlite3 kwa kawaida inakataa kuguswa na thredi ambayo haikuifungua. Usikimbilie kuzima check_same_thread, yaani huo ukaguzi wa thredi, hapo umeziba mdomo wa kengele tu. Mpe kila jenereta thredi yake moja, hapa nimeiita dawati:

```
async def asinki(gen, kundi=500):
    lupu = asyncio.get_running_loop()
    dawati = ThreadPoolExecutor(max_workers=1)
    try:
        while True:
            fungu = await lupu.run_in_executor(
                dawati, lambda: list(islice(gen, kundi)))
            if not fungu:
                break
            for mstari in fungu:
                yield mstari
    finally:
        dawati.submit(gen.close)
        dawati.shutdown(wait=False)
```

Angalia islice, inayochota vitu visivyozidi kundi: fungu likirudi tupu ndo mwisho, StopIteration imeishia hukohuko. Na unavuka thredi mara moja kwa mistari 500 badala ya kila mstari, ambapo ile kwenda na kurudi mara nyingi inakula muda kuliko kusoma kwenyewe. Gharama yake ni kwamba jenereta ikipasuka katikati ya fungu, mistari iliyokuwa imeshasomwa kwenye fungu hilo inapotea nayo. Kama chanzo chako ni cha kudondoka polepole, mfano logi inayoandikwa live, weka kundi=1, la sivyo msomaji atakaa anasubiri 500 zitimie.

sqlite3.connect iite ndani ya jenereta yenyewe, sio nje ukampa, maana mwili wa jenereta hauanzi mpaka next ya kwanza, na hiyo next inafanyika kwenye thredi ya dawati. gen.close nayo nimeipeleka kwenye dawati kwa sababu hiyohiyo, tena inapanga foleni nyuma ya fungu linalosomwa, ukiifunga kutoka kwenye lupu wakati thredi bado inasoma utapewa ValueError kwamba jenereta iko kazini.

Kumbuka thredi haiuliwi. Mteja akikata simu katikati, fungu linaloendelea litasomwa mpaka liishe ndo close ifuate, hiyo nayo ni sababu ya kutoweka kundi la laki moja. Na ukitoka kwa break funga na contextlib.aclosing, ipo tangu Python 3.10, bila hiyo finally inaweza kuchelewa kufika.

Hii inakusaidia kwa sababu sqlite3 inaachia GIL (kufuli la Python linaloruhusu thredi moja tu kuendesha kodi ya Python kwa wakati) wakati inatafuta data. Kama kila mstari unaupigia mahesabu mazito ya Python tupu, thredi haitakuokoa sana, hamishia hiyo kazi kwenye prosesi nyingine.