Mti ukilala mtoni, msikimbilie msumeno

Mwaka huu majirani tumetoa mti ulioziba njia ya boti, na kama kwenu kuna ishu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, kabla hata msumeno haujawashwa mjue kila kipande kitaenda wapi. Gogo ukiliachia liende na maji hujatoa hatari, umemtumia jirani wa huko chini, na lile lililokunywa maji ndo baya kabisa maana halionekani, linanyata chini kidogo tu ya uso wa maji mpaka likutane na propela ya mtu. Yetu tuliyavuta hadi juu ya ule mstari wa takataka ulioachwa na mafuriko. Na kateni vifupi jamani, mita 1 ya ujazo ya mti ulioloa inakaribia tani 1!

Ila kwanza pigeni simu kwa wanaosimamia mto, sehemu nyingi kukata mtoni bila kibali ni kesi. Mkisubiri jibu fungeni dumu tupu la rangi kali kwenye tawi la nje kabisa, watu waone kwa mbali.

Boti ya kazi iukaribie mti ikitokea chini, ikipanda mkondo, hata injini ikizima maji yanakusogeza mbali. Ukitokea juu yanakubandika kwenye matawi, maji yenyewe yanapita kama kwenye chujio, wewe hupiti. Laifu jaketi kila mtu, hata anayejua kuogelea.

Watu wanaogopa msumeno, mi naogopa kamba. Ya nailoni inavutika sana, sasa ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mguu, kwa hiyo mtu asisimame kwenye usawa wake, asiiruke, na asijifunge kiunoni hata maji yakiwa yametulia. Msumeno nao apewe mwenye kazi yake, siyo mwenye hamu, maana tawi lililopinda ukilikata ovyo linafyatuka usoni.

Kuna jirani alitaka tung'oe mpaka kisiki, tukamkatalia. Mizizi ndo inashika ukingo, na matawi yaliyozama ni maficho ya samaki wadogo, sisi tulifungua upana wa boti mbili kupishana, basi. Dumu msilitoe siku hiyo hiyo, subirini maji yapungue, mtu apite polepole na upondo akichokoa chini.