Rameni Japani: kuvuta tambi kwa sauti si kukosa adabu?

SWALI: Shikamoo dada, mi niko Mikindani, mwezi ujao naenda Japani kozi, nasikia kwenye vimgahawa vya rameni, zile tambi za kwenye supu, watu wanavuta tambi kwa sauti, na mi nyumbani ukila hivyo unagombezwa, tena ni Muislamu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na nguruwe maana hapo ndo pa kuangalia sana, supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa mengi, na hata supu ya shoyu (sosi ya soya) au miso (soya iliyochachushwa) mara nyingi juu wanaweka chashu, vipande vya nguruwe, kwahiyo kutoa nyama tu haitoshi, supu yenyewe inaweza kuwa nayo. Tafuta walioandika halali, Tokyo wapo.

Ukiingia, sehemu nyingi kuna mashine, weka hela, bonyeza, tiketi mpe mpishi. Kuvuta kwa sauti vuta tu bila aibu, tambi zinapoa na harufu ya supu inapanda puani. Ila usikae kupiga stori kama kwenye supu ya pweza huku kwetu, viti vichache, watu wanasubiri nje na tambi zinalainika haraka. Tipu usiache, hawana desturi hiyo.