Kabla Hujafyatua, Jua Utatokea Wapi: Ushauri kwa Wachezaji wa Kruza Nyepesi

Kila anayeniuliza habari za kruza nyepesi kwenye World of Warships, ile gemu ya mtandaoni ya vita vya meli, huanza na mizinga. Ina mingapi? Inajaza haraka kiasi gani? Inawasha moto? Ni maswali ya haki, na nitayajibu. Lakini kabla sijayajibu huuliza langu: fungua ramani, nionyeshe utatoka kwa njia gani. Asiyeweza kunionyesha namwambia asifyatue bado.

Kruza nyepesi ndiyo meli iliyonyimwa mengi kwenye gemu ile. Manowari kubwa imepewa deraya ya kuvumilia kipigo. Distroya, ile manowari ndogo, imepewa udogo, hadi uikaribie ndipo uione. Kruza nyepesi iko katikati: huonekana mapema kuliko distroya, na ngozi yake ni nyembamba. Ilichopewa ni mizinga midogo yenye kasi, mwendo, na usukani mwepesi. Ukiitumia kama manowari kubwa iliyokonda, utarudi bandarini dakika ya tatu ukitukana timu.

Hesabu ya ngozi yenyewe ni rahisi. Chukua kipenyo cha mzinga wa adui kwa milimita, gawanya kwa 14.3. Jibu likizidi unene wa bamba lililopigwa, risasi ya kupenya deraya inapita tu, hata uwe umeilaza meli vipi. Mzinga wa milimita 356, ambao ni wa kawaida kwa manowari za ngazi za kati, unakupa karibu 24.9. Bamba la omo, yaani sehemu ya mbele, ya kruza nyepesi ya ngazi hizo kwa kawaida halifiki hata milimita 20. Kwa hivyo ile mbinu ya kulaza meli ili risasi iteleze, ambayo wenye manowari kubwa wataapa kwayo, kwako inafaa dhidi ya kruza wenzako tu. Mbele ya mizinga mikubwa unachoweza kufanya ni kutokuwepo pale risasi inapoangukia.

Na kila ukifyatua, umbali wa kuonekana kwako hupanuka hadi kufikia umbali wa mizinga yako, na hubaki hivyo kwa sekunde 20. Hizo sekunde 20 ndizo maisha yako yote kwenye kruza nyepesi. Mchezaji mzuri anajua kabla ya risasi ya kwanza atazitumia vipi: atakuwa nyuma ya kisiwa, ndani ya moshi wa kujifichia, au anaondoka huku akibadilisha mwendo.

Sisi watu wa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nje ya Fort Jesus pana mizinga miwili ya zamani ambayo watalii huiegemea wakipiga picha. Mmoja ulitoka kwenye kruza ya Kiingereza iitwayo Pegasus, wa pili ulitoka kwenye kruza nyepesi ya Kijerumani, Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, injini zake zikitengenezwa. Königsberg ikatokea na kuanza kupiga kutoka mbali, umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuweza kuufikia. Meli isiyosogea, inayopigwa na meli ambayo yenyewe haiwezi kuifikia. Haikuchukua muda, na Pegasus ikazama.

Nawaona watu wakifanya vivyo hivyo kila jioni kwenye gemu. Wanasimamisha meli ili walenge vizuri. Yakhe, risasi ya manowari kubwa kutoka mbali inakaa hewani sekunde nyingi tu. Anayekulenga anakisia utakuwa wapi ikitua. Ukisimama umemfanyia hesabu. Na wengi wanaojitahidi kukwepa hutumia usukani peke yake, wakati kilicho bora ni kuchanganya: punguza mwendo, pinda kidogo, ongeza mwendo tena. Mlengaji huzoea kasi yako ya juu, na risasi zake zote zitaanguka mbele ya omo.

Sasa ile Königsberg nayo. Baada ya ushindi wake wa Unguja ilijificha kwenye delta ya mto Rufiji, kwa kuwa injini zake zilihitaji matengenezo na makaa ya mawe yalikuwa haba. Maficho mazuri ajabu: mikoko, maji machache, meli kubwa za Waingereza haziwezi kuingia. Lakini zilikuja zikakaa mdomoni mwa mto, na kuanzia hapo Königsberg haikutoka tena. Waingereza wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na ndege za kuwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 ikawa basi. Mabaharia wake waliichopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, ikaenda kupigana nchi kavu, na mmoja wao ndio huo unaoegemewa na watalii.

Kwenye gemu, Rufiji ni kile kisiwa unachokipenda. Kila ramani inacho: mwamba mrefu ulio karibu na eneo la kuteka, unakaa nyuma yake, unapiga juu yake kwa raha, hakuna anayekuona. Dakika tano za kwanza wewe ni mfalme. Kisha ubavu mmoja wa timu yako unaanguka, distroya yao inazunguka, na wewe umechomeka omo yako kwenye mwamba bila nafasi ya kugeuza. Wengi hunilalamikia eti timu iliwaacha. Timu haikuwaacha. Walikuwa wamejifungia wenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza jinsi ya kuingia. Usiingie nyuma ya kisiwa ukiwa umemwelekezea adui omo. Fika mapema, geuza meli mahali ambapo bado hujaonekana, kisha rudi polepole kinyumenyume mpaka mizinga ya nyuma ipate nafasi. Ukilazimika kuondoka, unasukuma tu mbele. Na ikiwa itabidi ugeuke ukiwa unaonekana, ngoja manowari kubwa iliyokulenga ifyatue kwanza. Nyingi zinahitaji karibu nusu dakika kujaza tena. Huo ndio muda wako wa kuonyesha ubavu. Kugeuka huku mizinga yake imejaa ni kumkabidhi sitadeli yako, yaani injini na ghala za baruti, na hapo risasi moja tu inaweza kuondoa sehemu kubwa ya uhai wa meli. Angalia minara yake ya mizinga. Haikuelekei? Geuka. Inakuelekea na haijafyatua? Vumilia.

Kwa wanaoanza, napendekeza Königsberg ya ngazi ya 5. Si ile ya Rufiji. Hii ilishushwa majini mwaka 1927 ikarithi jina, na ilizamishwa Bergen nchini Norway tarehe 10 Aprili 1940 na ndege za Kiingereza. Ukitaka kuionja mizinga ya milimita 105 kama ule wa Fort Jesus, shuka hadi ngazi ya 2 ukachukue Dresden, lakini hiyo ni ya kujifurahisha. Königsberg ya ngazi ya 5 ndiyo shule. Ina mizinga 9 ya milimita 150 katika minara mitatu, mmoja omo na miwili tezi, yaani nyuma. Mizinga 6 kati ya 9 iko huko! Ni meli iliyoundwa ipigane huku ikiondoka, na mtu anayeikimbiza mbele kwa mbele anatumia theluthi ya silaha zake tu. Mpe adui tezi, weka umbali, mpige akikufuata.

Risasi zake za kupenya ni kali kwa kruza nyingine zinazoonyesha ubavu. Zile za mlipuko zina siri ya Kijerumani: hupenya bamba lenye unene wa robo ya kipenyo cha mzinga, wakati mataifa mengi hupata sehemu moja ya sita. Kwa milimita 150 hiyo ni zaidi ya 37. Kruza ya Kimarekani ya milimita 152 yabaki na 25 tu. Badala yake, moto wake ni wa kubahatisha zaidi.

Habari ya moto basi, maana ndiyo silaha yako dhidi ya manowari kubwa. Meli ina sehemu nne zinazoweza kuwaka, na sehemu inayowaka tayari haiwaki mara ya pili. Kwa hivyo ukiona moto umeshika omo, hamishia shabaha tezi. Kuendelea kupiga pale pale ni kupoteza risasi. Kwenye manowari kubwa moto hudumu sekunde 60 usipozimwa, kwenye kruza 30. Mwenye akili hauzimi moto mmoja, anauacha uwake. Wewe usiwe na pupa. Washa mmoja, washa wa pili, mngoje atumie kikosi chake cha kuzima, halafu ndipo uongeze kasi, kwa sababu kikosi hicho sasa kinapumzika na kila moto mpya utawaka hadi mwisho wake.

Kuhusu topido sitasema mengi. Za Königsberg hazifiki mbali, ziweke kwa ajili ya anayekuzungukia kisiwa. Mtu akimsogelea adui ili tu apate kuzitumia, huyo amesahau mambo yote niliyosema juu.

Moshi nao una masharti. Ukifyatua ukiwa ndani ya moshi bado unaonekana kwa aliye karibu, na rada hupenya moshi na visiwa vilevile. Kabla ya kujifukiza, angalia orodha ya meli za adui mwanzo wa mechi uone nani ana rada. Hilo ni jambo la sekunde kumi na wengi hawalifanyi.

Neno kidogo kuhusu mtandao, kwa kuwa naulizwa kila mara kama gemu hii inachezeka kutoka Pwani. Inachezeka. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na mimi hutumia seva ya Ulaya bila kero. Isitoshe, hii si gemu ya bunduki ambako kuchelewa kidogo kunakuua. Risasi yako itakaa hewani sekunde kadhaa, kwa hivyo mtandao ukikokota kidogo hutahisi. Tatizo kubwa ni stima. Ikipotea katikati ya mechi, meli yako inabaki vitani ikiendelea na mwendo uliouacha. Mimi nikiona taa zinapepesa naielekeza meli nyuma haraka, kisha nawasha bando la simu nirudi. Mara nyingi naikuta ingali hai, kwa sababu ilikuwa tayari inaondoka.

Mkishaizoea Königsberg mtaniuliza kuhusu Emerald ya Waingereza, na najua ni kwa nini: meli halisi ilikuwa kwenye kikosi cha Mashariki mwaka 1942, kikosi ambacho baada ya mashambulizi ya Wajapani ya Aprili kilifanya Kilindini kuwa makao yake. Kwa mtu wa hapa ina mvuto wake. Lakini kwenye gemu ni meli ngumu. Haina risasi za mlipuko kabisa, kwa hivyo moto usahau. Ina mizinga 7 tu, na sitadeli yake inapigika kwa urahisi mno. Ilicho nacho ni moshi, topido 16 unazoweza kuzitupa moja moja, na risasi za kupenya zisizoteleza upesi kama za wengine. Icheze ukiwa umezoea kuondoka kabla hujafukuzwa. Ukiona inakukera, tumia pointi zako uivuke hadi Leander ya ngazi ya 6, ambako mtindo ule ule wa moshi na risasi za kupenya unaanza kulipa.